UZI: Picha za familia za Zhang Xiaogang. Tusome nini ndani yake, alama gani ni za mwaka gani, na kile kijivu kinapatikanaje

#1 Kanvasi_Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Picha hizi wengi mmeshaziona hata kama jina la mchoraji halijawakaa kichwani. Baba, mama na mtoto mmoja, bega kwa bega, wanatazama mbele. Nyuso za kijivu zisizo na kasoro, macho meusi yenye unyevunyevu, uzi mwembamba mwekundu unaotoka kwa huyu kwenda kwa yule, na doa la rangi usoni ambalo hujui uliite mwanga, kovu au alama ya kuzaliwa. Ni kazi za Zhang Xiaogang, mzaliwa wa Kunming mkoani Yunnan, 1958. Mfululizo unaitwa Damu Moja: Familia Kubwa, na ulipata sura hiyo kati ya 1993 na 1994.

Maelezo yanayozunguka mitandaoni huishia kwenye "huzuni ya Mapinduzi ya Utamaduni" (kampeni ya kisiasa ya Mao, kiongozi wa China, 1966 hadi 1976), basi. Huo ni uvivu. Zhang hakuchora familia, alichora picha ya studio ya familia, kitu ambacho kilikuwa kimeshapita mikononi mwa watu kadhaa kabla yeye hajashika brashi. Anayetaka kuzisoma aifuate hiyo mikono.

Anza na wenye picha. Kwenda studio China ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa shughuli rasmi: nguo safi, vifungo hadi kooni, kalamu mfuko wa kifuani kama ni mtumishi wa serikali, beji kama ipo. Mpiga picha naye anapanga vichwa, anazima tabasamu, anaweka taa ya mbele ili kivuli kisilale usoni. Halafu anakuja mrekebishaji, anayejaza negativu kwa penseli hadi makunyanzi yapotee, na picha ya nyeusi na nyeupe inapakwa rangi kwa mkono: shavu kidogo, mdomo kidogo, beji nyekundu. Mitaani palikuwa pia na mafundi wa kuchora sura kwa unga wa mkaa kutoka kwenye picha ndogo, na hao kazi yao ilikuwa kulainisha tu.

Kisha ukaja woga. Agosti 1966, kampeni ya kuvunja "Mambo Manne ya Kale" (fikra, utamaduni, desturi na mazoea ya zamani) ilipopamba moto, Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao, waliingia majumbani kupekua. Babu aliyevaa kanzu ya hariri, mjomba aliyevaa sare ya jeshi la Chiang Kai-shek, adui wa Wakomunisti, wote hao kwenye picha walikuwa ushahidi. Watu walichoma picha. Wengine walikata kichwa kimoja kwenye picha ya watu sita na kubakiza watano.

Zhang anaingia baada ya hao wote. Mwaka 1992 alikaa Ujerumani miezi mitatu akitazama makumbusho. Aliporudi, alikutana na picha za zamani za wazazi wake, hasa ya mama yake akiwa msichana. Mama huyo aliugua skizofrenia, jambo ambalo Zhang mwenyewe amelieleza hadharani, na picha ya studio inaonyesha binti mzuri, mtulivu, asiye na dalili ya chochote. Mwaka 1993 ikatoka Damu Moja: Mama na Mwana Na. 1. Mengine yamefuata hapo.

Karibuni. Wenye ujuzi wa alama na wenye ujuzi wa rangi wote mwageni hapa.

#2 Mzee_wa_Brashi

Mwanzo mzuri, mkuu, ila umeruka siasa ya damu yenyewe, na bila hiyo ule uzi mwekundu unabaki pambo.

China ya Mao kila mtu alikuwa na faili, na kwenye faili kulikuwa na asili ya familia. Ilirithiwa kwa baba. Makundi matano yalikuwa "mekundu": wafanyakazi, wakulima maskini, askari wa mapinduzi, makada wa mapinduzi, na familia za mashujaa waliokufa vitani. Matano yalikuwa "meusi": makabaila wa ardhi, wakulima matajiri, wapinga mapinduzi, "watu waovu", na watu wa mrengo wa kulia. Rangi hiyo iliamua shule, kazi, jeshi, hata nani atakubali kukuoa. Kiangazi cha 1966 wanafunzi wa Beijing walibandika beti kwamba baba shujaa huzaa mwana jasiri, na baba mpinga mapinduzi huzaa mwana asiyefaa. Kijana mmoja, Yu Luoke, aliandika makala kupinga nadharia hiyo ya damu. Aliuawa kwa risasi tarehe 5 Machi 1970, akiwa na miaka 27.

Sasa rudi kwenye kitambaa. Uzi wa Zhang mara nyingi hauishii mwilini mwa mtu. Unatoka nje ya ukingo wa picha na kuendelea kusikojulikana. Kama ungekuwa damu ya wazazi peke yake, ungeanzia kwa mama na kuishia kwa mtoto. Na "familia kubwa" ndiyo lugha ya Chama kwa taifa zima, familia kubwa ya mapinduzi. Majina mawili ya mfululizo yanavutana: damu ya nyumbani na damu ya faili.

Angalia pia nyuso. Baba, mama na mtoto wana uso mmoja. Watu husema ni ukoo, wanafanana. Mume na mke hawana sababu ya kufanana kwa ukoo!

#3 Dirisha_la_Mashariki

Nimewasoma. Swali la haraka: mtu ambaye hajui Kichina anajuaje alama hii ni ya mwaka gani? Skafu, beji, kitambaa cha mkononi, kwangu vyote ni "enzi za Mao".

#4 Kabati_la_Picha

Swali zuri, kwa sababu hapo ndipo wachambuzi wengi wanateleza.

Skafu nyekundu ya shingoni ni ya Chipukizi, watoto wa shule. Wanafundishwa kwamba ni kona ya bendera nyekundu iliyotiwa rangi na damu ya mashujaa. Lakini wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni Chipukizi walisimamishwa, nafasi yao ikachukuliwa na Walinzi Wekundu Wadogo, na Chipukizi wakarudishwa Oktoba 1978. Kwa hiyo mtoto mwenye skafu kwenye picha hutakiwi kumweka moja kwa moja 1968. Ama ni kabla, ama ni baada. Zeng Fanzhi, aliyezaliwa Wuhan 1964, anaitumia skafu sana kwenye mfululizo wake wa Vinyago na kwenye Karamu ya Mwisho ya 2001, na pale inazungumzia shule na utiifu wa kundi. Mmoja tu pale mezani, aliyeketi nafasi ya Yuda, amevaa tai ya rangi ya dhahabu. Hiyo ni China ya pesa.

Kitambaa chekundu cha mkononi chenye maandishi ya njano ni cha Walinzi Wekundu, na wakati wake hasa ni 1966 hadi 1968, kabla vijana hawajapelekwa vijijini kwa wingi.

Beji ya Mao ilifika kilele 1966 hadi 1969. Juni 1969 Kamati Kuu ilitoa agizo la kubana uzalishaji, maana alumini ilikuwa inaishia vifuani mwa watu wakati viwanda vya ndege vinaihitaji.

Suti ya kola iliyofungwa, vifungo vitano na mifuko minne, ndiyo ile wazee wetu Tanzania waliiita Chu-en-lai. Haina mwaka, imevaliwa kuanzia enzi za Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri ya China. Usiitumie kupangia tarehe.

Sare ya kijani isiyo na cheo: jeshi lilifuta vyeo 1965 na kuvirudisha 1988. Kola zenye vipande vyekundu na nyota kwenye kofia ni za kipindi hicho.

Nywele za wanawake nazo zinasema. Mikia miwili mirefu ni ya kabla ya 1966. Kuanzia mwaka huo ilikuwa inakatwa ikawa mifupi, ya kufika begani au chini kidogo ya sikio.

Na mtoto mmoja? Hapa ndipo picha inapochanganya miaka kwa makusudi. Nguo za wazazi ni za miaka ya 1960, lakini familia ya watu watatu ni ya sera ya mtoto mmoja iliyoanza karibu 1980 na kufutwa rasmi tarehe 1 Januari 2016. Zhang mwenyewe ametoka nyumba ya wavulana wanne. Kwa hiyo hiyo si familia yake wala si familia ya 1966. Mtoto mchanga aliye uchi na uume wazi, mwenye rangi nyekundu au njano kati ya wazazi wa kijivu, naye ni mrithi wa kiume, deni la zamani kuliko Chama.

#5 Soko_Huria

Nawasikia, lakini wakuu mnachora malaika. Tuseme na upande wa pili.

Januari 1993 Hong Kong ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa mpya ya China ya baada ya 1989, yaliyoandaliwa na Johnson Chang na mhakiki Li Xianting. Mwaka 1994 Zhang yuko Biennale (maonyesho makubwa ya kila miaka miwili) ya São Paulo, 1995 yuko ya Venice. Mnunuzi wa nje alikuwa anataka kitu kimoja: China ya Mao anayoitambua kwa sekunde mbili. Wang Guangyi akampa wafanyakazi na askari wa mabango ya propaganda pamoja na nembo ya Coca-Cola. Yue Minjun akampa kicheko. Zhang akampa suti na beji.

Bei ndizo hizi. Tarehe 31 Machi 2006, Sotheby's New York, Komredi Na. 120 ya 1998, moja ya picha za uso mmoja za mfululizo huo, iliuzwa dola 979,200. Familia Kubwa Na. 3 ya 1995, sentimita 179 kwa 229, iliuzwa Hong Kong Aprili 2008 kwa dola za Hong Kong milioni 47.4, na Aprili 2014 ikarudi mnadani ikauzwa milioni 94.2. Tazameni namba yenyewe: Komredi Na. 120! Kumbukumbu ya familia ikifika namba 120 hiyo imeshakuwa karakana.

#6 Mzee_wa_Brashi

Soko_Huria, kwenye wingi wa namba uko sahihi. Komredi nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 ni dhaifu, uso mmoja peke yake, doa, uzi, imekwisha. Bila mtu wa pili uzi hauna pa kwenda.

Lakini nadharia ya "alichora kwa ajili ya mnunuzi" inakwama sehemu mbili. Kwanza, Upendo wa Kudumu Milele, picha ya vipande vitatu ya 1988, haina suti wala beji, na Aprili 2011 iliuzwa Hong Kong kwa milioni 79 za huko. Pili, soko lilipokuwa linapanda ndipo alipoziacha sare. Kuanzia 2003 hivi, kwenye Amnesia na Kumbukumbu, zinabaki sura zilizokatwa karibu, balbu, televisheni, chupa ya wino, tochi. Mwaka 2008 ukaja Ukuta wa Kijani: vyumba vitupu, kochi, redio, na ukuta uliopakwa kijani nusu ya chini. Yeyote aliyesoma shule ya serikali Tanzania au Kenya anaujua ukuta huo wa rangi mbili, chini rangi ya mafuta inayofutika, juu chokaa. China ulikuwa shuleni, hospitalini, ofisini na nyumbani, rangi ile ile. Siasa imeingia sebuleni bila beji hata moja. Kwangu hizo ndizo kazi zake bora.

#7 Kabati_la_Picha

Naongeza jambo ambalo linaeleza kwa nini mchoraji wa kizazi kile haamini picha yoyote, ya familia wala ya taifa.

Dong Xiwen alichora Sherehe ya Kuasisi Taifa mwaka 1953: Mao kwenye roshani ya Tiananmen, viongozi nyuma yake, karibu mita 2.3 kwa 4. Gao Gang akaanguka kisiasa 1954, Dong akaambiwa amfute. Akamfuta. Mapinduzi ya Utamaduni yalipofika akaambiwa amtoe Liu Shaoqi. Akamtoa. Mwaka 1972 agizo likaja la kumtoa Lin Boqu, na Dong alikuwa anaumwa saratani, akafariki Januari 1973. Jin Shangyi na Zhao Yu wakachora nakala nzima kwenye kitambaa kipya, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imeshafanyiwa kazi kupita kiasi. Mwaka 1979 waliofutwa wakaanza kurudishwa kwenye picha.

Sasa mtu kama Zhang, aliyesoma uchoraji wa mafuta kwenye Chuo cha Sanaa cha Sichuan, Chongqing, baada ya mitihani ya kuingia chuo kurejeshwa 1977 na kuhitimu 1982, historia hiyo anaijua vizuri. Chuo hicho hicho ndicho alichosoma Luo Zhongli, aliyemchora mkulima mzee kwenye Baba ya 1980, kwa ukubwa ambao awali ulikuwa wa Mao peke yake, zaidi ya mita 2 kwenda juu. Hata huyo aliongezewa kalamu ya wino sikioni baada ya kushauriwa, ili aonekane mkulima wa jamii mpya anayejua kusoma. Itazameni ile kalamu, haijakaa. Ni alama iliyobandikwa juu ya kumbukumbu.

Kumbukeni na kanuni ya rangi. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni picha ilitakiwa iwe nyekundu, yenye mwanga, inayong'aa. Mao hakuwa na kivuli cha baridi usoni, maana rangi za baridi, kama bluu na kijivu, zilitiliwa shaka. Kwa aliyekulia kwenye mabango hayo, kuchora uso mzima kwa kijivu ni kauli tosha.

#8 Fundi_Amerikani

Historia imeshiba. Sasa twende jikoni. Mtu akitaka kufanya zoezi la kijivu kile na ulaini ule, afanyeje? Wanafunzi wengi wakijaribu inatoka kama saruji mbichi.

#9 Kanvasi_Kavu

Hii ni njia ya mazoezi inayofikisha mwonekano ule, sidai ndiyo ya karakana yake. Chukua kipimo cha sentimita 60 kwa 80.

Kitambaa: amerikani nzito inatosha. Nyoosha, paka praima ya akriliki mara tatu, nyembamba kama maziwa mazito, na baada ya mara ya pili na ya tatu piga msasa namba 220. Ulaini hauwezi kukaa juu ya nyuzi zinazoonekana. Rangi ya maji ya ukutani isitumike kama praima. Ina chokaa nyingi, inafyonza mafuta na baadaye inamenyuka.

Picha: chapisha sentimita 15 kwa 20, nyeusi na nyeupe. Chora miraba ya sentimita 1.25 juu yake na miraba ya sentimita 5 kwenye kitambaa. Utapata 12 kwa 16 pande zote mbili. Hamisha kwa mkaa, pangusa, kisha kaza mistari kwa rangi ya umba (kahawia ya udongo) iliyokonda.

Hapa wengi wanakosea: wananakili picha. Ile sura imejengwa upya. Ondoa kivuli cha pua, ondoa kivuli cha kidevu shingoni, panua jicho kidogo, punguza mdomo na matundu ya pua, lainisha taya. Kichwa kiwe kikubwa kidogo kuliko mabega yanavyodai. Ukiacha kivuli kimoja cha pembeni tu, mtu anarudi kuwa mtu fulani, na zoezi limeharibika.

Kijivu: nyeupe ya titani, nyeusi ya pembe, umba mbichi. Nyeusi na nyeupe peke yake hutoa kijivu cha bluu, ndiyo saruji unayosema. Kwa kijivu cha kati anza na sehemu 10 za nyeupe, 1 ya nyeusi, 1 ya umba, kisha rekebisha kwa jicho. Tengeneza ngazi tano, kutoka nuru hadi kivuli, na changanya kiasi cha kumaliza picha nzima kwa mkupuo mmoja. Hifadhi kwenye vikopo vya plastiki vyenye mfuniko. Kijivu ukikichanganya mara ya pili hakilingani na cha kwanza, na kwenye uso usio na mikwaruzo tofauti inaonekana hata kwa mbali.

Tabaka la kwanza: rangi na tapentaini tu, nyembamba. Siku 3 hadi 5. Umba inasaidia kukausha, nyeusi ya pembe inachelewesha.

Tabaka la pili: kijiko 1 cha mafuta ya kitani kwa vijiko 2 vya tapentaini, tone kwa tone kwenye rangi. Panga ngazi zako zikigusana bila kuzichanganya. Subiri dakika 10 hadi 20. Kisha chukua brashi pana ya manyoya laini, sentimita 5, kavu kabisa, upitishe kwenye mpaka wa ngazi mbili kama hutaki kuigusa. Kila mpito mmoja, futa brashi kwenye kitambaa. Kwanza mlalo, halafu wima. Acha makali sehemu chache: ukingo wa kope la juu, mstari kati ya midomo, vifungo vya kola. Ukilainisha kila kitu utapata moshi.

Jicho ndilo linabeba kila kitu. Mboni nyeusi kubwa, nuru ndogo ya mviringo sehemu moja, na mstari wa unyevu kwenye kope la chini, mwembamba, kijivu cha pili kutoka juu, usiwe mweupe. Mweupe kabisa unaleta machozi ya tamthilia.

Kausha siku 7 hadi 10. Doa linakuja baada ya hapo: sehemu 1 ya mafuta mazito ya kitani, 1 ya vanishi ya damari (ya utomvu wa mti), 4 za tapentaini, na chembe ya oka (rangi ya udongo) ya njano au waridi. Paka, kisha gonga kwa pamba hadi jicho lililo chini lionekane vizuri. Upande mmoja wa doa uwe mkali, mwingine ufifie. Usitie nyeupe ndani yake, itakuwa plasta.

Uzi mwekundu ni wa mwisho. Brashi ndefu nyembamba namba 1, nyekundu ya kadimiamu yenye tone la mafuta, fimbo ya kuegemeza mkono. Chini ya milimita 1. Juu ya tabaka bichi inageuka waridi na kutapakaa, kwa hiyo usiwe na haraka. Na usifuate mkunjo wa nguo au shavu. Upite juu ya vitu kana kwamba haviuhusu.

#10 Fundi_Amerikani

Umemaliza, mkuu. Mawili: tapentaini ikikosekana, mafuta ya taa yanafaa? Na kwa nini sehemu za kivuli zinakuwa hazing'ai hata kidogo, kama zimefubaa?

#11 Kanvasi_Kavu

Mafuta ya taa hapana. Yanaacha mabaki yasiyovukika upesi, rangi inabaki laini na dhaifu, vumbi linaganda. Tumia hata spiriti nyeupe ya duka la rangi.

Kufubaa kunatokea kwa sababu tabaka la chini linafyonza mafuta ya la juu, hasa penye umba na nyeusi. Picha ikikauka, sugua sehemu hizo na mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa mafuta ya kitani na tapentaini, kidogo sana, kisha futa yote inayofutika.

Usiharakishe kwa feni au jua kali. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuvukiza maji, yanakauka kwa kushika oksijeni. Juu likikaza chini bado bichi, patapasuka. Vanishi ya mwisho subiri miezi 6.

Na matambara yenye mafuta ya kitani yasirundikwe kwenye ndoo ya taka. Yanajipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yaloweke majini au yatandaze nje.

#12 Bi_Rangi

Uzi mzima wanaume watupu na suti zao, jamani. Wapo wanawake wawili ambao kwenye mada hii ya kumbukumbu ya familia wameenda njia tofauti, na mmoja kwa maoni yangu amemzidi Zhang.

Yu Hong, aliyezaliwa 1966 na anayefanya kazi Beijing, alianza 1999 mfululizo wa Shahidi wa Kukua. Utaratibu wake ni rahisi kueleza na mgumu kuutekeleza: mchoro mmoja kwa kila mwaka wa maisha yake, kutoka kwenye picha za nyumbani, na kando yake ukurasa wa gazeti au jarida wa mwaka huo huo. Mtoto anatambaa upande mmoja, umati wa 1966 upande wa pili. Baadaye binti yake anaingia kwenye picha. Hakuna uzi mwekundu unaounganisha. Pengo kati ya fremu mbili ndilo linafanya kazi. Na nyuso ni za watu halisi, zina jua, zina makunyanzi. Alama za siasa zinabaki kwenye gazeti zilikotoka.

Hung Liu alizaliwa Changchun 1948. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Chiang Kai-shek, akafungwa binti akiwa mchanga. Walionana tena 1994. Alisomea uhalisia wa kijamaa (mtindo rasmi wa sanaa ya Chama) Beijing, akahamia Marekani 1984, akafundisha chuo cha Mills College huko Oakland. Alichora kutoka kwenye picha za kale, kisha akamwaga mafuta ya kitani juu ya rangi ili yatiririke na kuvunja sura. Zhang anafuta alama ya mkono, Hung Liu anaacha picha iyeyuke mbele yako. Mwaka 2019 maonyesho yake yaliyopangwa Beijing, kwenye kituo cha sanaa cha UCCA, hayakufanyika baada ya kukosa kibali cha kuingiza kazi. Alifariki Agosti 2021, wiki chache kabla ya maonyesho yake makubwa kufunguliwa Washington.

Mkijaribu mtiririko wake: picha ilale kwanza, mimina kidogo, kisha iinue taratibu. Mafuta yakikaa mazito sehemu moja yanakunjamana kama ngozi na baadaye yanageuka njano.

#13 Soko_Huria

Bi_Rangi, kwa Yu Hong nakubaliana nawe asilimia zote.

Angalizo kwa wanaotaka kununua. Kijiji cha Dafen, Shenzhen, kimekuwa kikitengeneza nakala za mafuta kwa mkono tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na nyuso za kijivu za Zhang zimo. Nakala ikiuzwa kama nakala, haina shida. Shida ni chapa ya mashine kwenye kanvasi iliyopakwa jeli yenye michirizi ya brashi. Chukua lenzi ya mara 10: ukiona vidoti vya rangi nne, ni chapa. Kisha zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni. Michirizi ya jeli haifuati mipaka ya sura, inapita kutoka shavuni hadi kwenye kola bila kujali. Na uzi mwekundu uliochorwa utainuka kidogo kabisa juu ya kijivu; wa mashine uko sawa na uso. Zhang ametoa pia chapa za litho (zinazochapwa kutoka kwenye jiwe au bamba) halali, zenye namba ya toleo na saini ya penseli kwenye karatasi. Litho kwenye kanvasi itie shaka.

#14 Dirisha_la_Mashariki

Shukrani wote. Nikitaka kuwapa wanafunzi zoezi hili, waanze na picha ipi?

#15 Kanvasi_Kavu

Watu wawili, wasizidi watatu. Picha ya studio, taa ya mbele, wanatazama kamera, nguo za rangi moja. Picha za harusi zenye maua na mapazia waziache, mandharinyuma itawala muda wote. Waombe ruhusa kwa mwenye picha, na wafanye kazi kwenye nakala. Ya asili irudi albamu siku hiyo hiyo. Kabla ya kushika brashi kila mmoja aandike pembeni ni nini kwenye picha hiyo kiliwekwa na studio, nini na serikali au chama cha wakati huo, na nini kimekatwa. Alama itakayoingia kwenye mchoro iwe moja. Ya pili ikiongezwa, waiondoe ya kwanza.